Komisioneri na Mipaka Yake Minne

Jina lake sitalitaja. Mwenye kujua atajua, na asiyejua asiniulize, maana mimi bado naishi palepale na ua wangu bado unapakana na ile nyumba. Nikisema mtaa ni Ndosho, huenda si Ndosho. Nikisema jirani yangu ni Mama Furaha, huyo Furaha naye ana jina jingine. Lakini mwenye habari hii tulimwita Komisioneri, na hilo naliacha, kwa sababu makomisioneri Goma wamejaa, huwezi kumkamata mtu kwa jina hilo. Wako kwenye kila kona wanakosimama wenye mapikipiki, simu mbili mkononi, wanakutafutia nyumba ya kupanga au parseli, yaani kiwanja, ya kununua, na wengine wanakuonyesha nyumba ya mtu ambaye mwenyewe hata hajui kwamba inaonyeshwa.

Leo ukimtaja mtaani kwetu watu wanatema mate. Wanasema ndiye aliyeuza nyumba ya Mama Furaha mwenyewe akiwa ukimbizini. Mimi nakaa pale na ndoo yangu kwenye foleni ya maji, nawasikiliza nimefunga mdomo, na inaniuma. Ndiyo maana naandika.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwa kali. Koti lilikuwa na mifuko minne. Mmoja wa karatasi, mmoja wa kalamu, mmoja wa kamba ya kupimia yenye mafundo, na wa juu, upande wa moyo, ulikuwa wa sigara moja. Moja tu. Hakuvuta sigara maisha yake yote, alisema moshi unamkaba kifua. Ile sigara ilikuwa chombo chake cha kazi.

Mteja akija kutafuta nyumba, Komisioneri hakumpeleka kwenye nyumba. Alimpeleka kwanza kwa majirani. Anabisha hodi kwa wa kwanza, anatoa sigara yake iliyokunjamana, anasema, samahani mama, naomba moto. Halafu anasimama anatazama. Nani anasema karibu ukae. Nani anauliza kwanza wewe ni mtu wa nani. Nani anamtuma mtoto aseme makala za jikoni zimezimika huku moshi unaonekana juu ya mabati. Akipewa kaa la moto anashukuru, anajifanya kuwasha, anageuka njiani na kuirudisha sigara mfukoni. Anafanya hivyo pande zote nne. Mteja wakati huo amekasirika, ana haraka, anataka kuona vyumba. Na mara nyingi Komisioneri alimwambia palepale barabarani kwamba hapa tuache, twende kwingine. Nyumba nzuri, saruji chini, umeme upo, na yeye anakataa asilimia yake kwa sababu ya kaa la moto. Makomisioneri wenzake walimwona mwendawazimu.

Mimi mwenyewe alinifanyia hivyo, miaka kumi na minne iliyopita. Nilikuwa mwalimu mgeni, sina mume, sina ndugu mjini, nimebana mshahara mpaka nikapata cha kununulia nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Alinizungusha asubuhi nzima juu ya yale mawe meusi mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Tukafika kwa Mama Furaha. Alikuwa anachemsha maharagi. Alimpa Komisioneri kaa la moto juu ya kifuniko cha sufuria, na mimi akanisogezea kiti kabla hajaniuliza jina. Tulipotoka, Komisioneri akaniambia maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Nyumba yako itakuwa inavuja, mama mwalimu, sitakuficha. Mabati ya nyuma imeoza. Lakini ule mama pale, ule ni wa kununua."

Nikanunua. Nyumba ilivuja kweli, tena kuliko alivyosema. Na mwaka wa pili homa ilinikamata nikashindwa kusimama, na aliyevunja mlango wangu kwa mchi ni Mama Furaha, na aliyenilaza juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mwenye kuuza makala, na kuisukuma mwenyewe mpaka kituo cha afya ni yeye, mjamzito wa miezi saba. Madaktari walisema saa mbili zaidi na ningekufa. Kwa hiyo watu wakicheka habari za sigara ya Komisioneri, mimi sikuwahi kucheka.

Sasa msidhani nawaletea malaika. Alikuwa mwongo, bwana. Ukimuuliza habari ya maji alisema bomba liko hapo karibu, na hapo karibu ni nusu saa na bidoni la maji kichwani. Alichukua asilimia yake kwa muuzaji na kwa mnunuzi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayelipa. Na huyo mhubiri wa ujirani mwema, nenda ukaulize alikopanga. Katika miaka niliyomjua alihama mara sita, na mara zote alifukuzwa. Hakusalimia asubuhi. Hakuazima mtu ndoo. Nyumba moja alitia kufuli choo cha watu wote kwa sababu alisema wapangaji wenzake hawajui kukisafisha, na ufunguo akaenda nao kazini. Nilimuuliza siku moja, wewe unawapima watu kwa kaa la moto, wewe mwenyewe mtu akija kukuomba utampa? Akafikiri kidogo, akasema hapana, ndiyo maana hakuna mtu anayenunua karibu na mimi. Alisema bila kutabasamu.

Mimi na yeye tulijuana zaidi kwa sababu ya kalamu nyekundu. Aliishia shule ya msingi, na maandishi yake yalikuwa aibu. Kila alipouza parseli ilibidi iandikwe karatasi ya mauzo, isainiwe na muuzaji, mnunuzi na majirani wanne, halafu ndiyo ipelekwe kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, kupigwa muhuri. Aliniletea karatasi hizo nizikosoe kabla ya kwenda kuchapwa. Anakuja mchana nikisahihisha madaftari ya watoto, anaweka yake juu ya rundo, anasimama mlangoni kama mwanafunzi. Mimi sina huruma kwa makosa, nilizaliwa hivyo. Nilichora mistari mpaka karatasi ikawa nyekundu yote. Aliguna. Alisema siku nitakayokufa nitamkosoa hata anayeandika msalaba wangu. Lakini alirudi kila mara, na kila mara aliniachia sambaza, samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti.

Neno moja tu hakukubali niguse: mipaka. Pale palipoandikwa kaskazini kuna nani, kusini kuna nani, mashariki nini, magharibi nini, alinishika mkono. Hapo usiweke Kifaransa chako, alisema, hapo ni pa watu. Kwake nyumba haikuwa mbao wala namba. Namba ya parseli mtu anaibadilisha kwa kopo la rangi, na kweli mji huu umepigwa namba mpya hata hatujui tena ipi ni ipi. Lakini mipaka inashikwa na watu walio hai. Kuna mjane mmoja aliyetaka kunyang'anywa parseli yake na shemeji, na shemeji alikuwa na karatasi nzuri, mihuri miwili, namba sawasawa. Komisioneri aliisoma mbele ya shefu, akaweka kidole kwenye mipaka. Karatasi ilisema magharibi kuna fundi seremala. Fundi seremala alikuwa mashariki, tangu zamani, na alikuwepo palepale na msumeno wake. Shefu akasema karatasi hii ni ya parseli nyingine, atafute ilipo. Mjane yuko kwake mpaka leo. Komisioneri alinisimulia kesi hiyo labda mara ishirini, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba watu wanasoma namba na saini, hakuna anayesoma mipaka.

Watu walishangaa kwamba mtu aliyewauzia wengine nusu ya kartye yeye anapanga. Haikuwa umaskini peke yake. Alikuwa na parseli yake, upande wa Munigi, chini ya mlima wa volkano. Lava ilishuka ikaifunika yote, nyumba na kila kitu, ikaacha mawe meusi yaliyokuwa bado yanatoa moshi wiki kadhaa. Wenzake walitafuta kwingine wakaanza upya. Yeye alikataa kununua tena. Alisema mlima haujui kununua, kwa hiyo parseli ni yake, iko chini tu. Karatasi yake alitaka iandikwe upya ili siku moja adai, na mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu. Mipaka yake aliitaja amefumba macho, polepole, na nikiandika aliitaja tena ili niwe na hakika. Kaskazini, jiwe kubwa lenye ufa. Mashariki, miti miwili ya avoka. Kusini, njia ya kwenda bombani. Magharibi, ukuta wa kanisa dogo. Hakuna hata kimoja kilichobaki juu ya ardhi. Miaka iliyofuata, akiwa anasubiri nimalize kukosoa karatasi za watu, nilimsikia mara nyingi akiitamka chini chini. Jiwe, avoka, njia, kanisa.

Halafu vita vikafika mjini. Sitavielezea, aliyekuwepo anajua na aliyekuwa mbali aliona kwenye simu. Mama Furaha aliondoka na watoto wanne na godoro moja, akapita mpaka wa Bunagana, akaingia Uganda. Funguo aliniachia mimi. Alisema, mama mwalimu, nyumba ni wewe. Kila siku mbili nilifungua madirisha yake hewa ipite, nikafagia. Alinipigia simu kila Jumapili, na kabla hajaniuliza habari zangu aliuliza kama nyumba imesimama. Mume wake alishakufa. Hana shamba, hana kaka, hana kingine duniani ila ile nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe. Siku watoto wakirudi watarudi pale au hawatarudi popote.

Nyumba tupu hazikukaa tupu muda mrefu. Akatokea mtu mmoja mwenye gari na walinzi, mmoja wa hawa ambao siku hizi wakitaka kitu hawaulizi mara mbili. Aliipenda ile nyumba kwa sababu iko karibu na barabara. Angeweza kuingia tu, wengi waliingia tu. Lakini huyu alitaka karatasi, yenye saini za majirani wote wanne, ili hata mambo yakigeuka nyumba ibaki yake. Na akatokea kijana aliyejiita kaka wa Mama Furaha, mwenye haki ya kuuza. Mtaani tulijua Mama Furaha hana kaka. Hakuna aliyesema.

Wakamtafuta Komisioneri, kwa sababu karatasi yake majirani walikuwa na mazoea ya kuisaini. Akakubali. Hilo ndilo watu wanalolisema kwenye foleni ya maji, na ni kweli, alikubali.

Mama Furaha alipata habari, habari mbaya hazihitaji gari. Aliambiwa Komisioneri ameuza na mwalimu amesaini. Jumapili ile hakunipigia. Nilipompigia mimi alipokea, nikamsikia anapumua. Nilitaka kumweleza. Lakini utaeleza nini kwenye simu siku hizi, wakati hujui nani mwingine yuko kwenye laini? Nikasema tu, uvumilie. Akakata. Tangu siku hiyo hapokei. Namtumia salamu za sikukuu, hajibu. Aliyenisukuma juu ya chukudu ananiona mimi ni mwizi, na sina la kufanya.

Komisioneri naye alikufa wiki saba baada ya ile karatasi, kifua kilekile. Tulimzika watu tisa. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa natafuta, kati ya wote aliowapatia nyumba na majirani, atakuja nani. Mjane alikuja. Wengine walikuwa mwenye nyumba wake aliyetaka kujua nani atalipa kodi, na watu wa kanisa ambao huzika kila mtu. Msalaba uliandikwa vibaya, herufi moja ya jina lake imerukwa. Niliitazama, nikaiacha.

Sasa niseme ile siku ya karatasi.

Ilikuwa mchana, nimetoka shule. Nilisikia gari likizima, nikachungulia, nikamwona yule mtu katika ua wa Mama Furaha anapima ukuta kwa hatua, na walinzi wake wamekaa juu ya jiwe lake la kufulia. Komisioneri akabisha kwangu. Babula, jiko langu la makaa, ilikuwa inawaka mlangoni, makala nyekundu kabisa, na hakuomba moto. Aliingia, akaweka karatasi juu ya madaftari ya watoto mahali pake pa siku zote, akasimama. Alikuwa amekonda, koti linaning'inia. Saini tatu zilikuwepo tayari. Yangu ndiyo ilikosekana.

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia amekula maharagi ya yule mama miaka yote, nikamwambia sasa najua kwa nini alifukuzwa kila alikopanga, nikamwambia lava ilijua inachokifanya. Hilo la mwisho laiti ningelimeza. Aliniacha nimalize. Halafu akasogea, akasema kwa sauti ya chini, huku jicho liko dirishani:

"Soma kwanza. Soma mipaka, mama mwalimu."

Nikachukua kalamu nyekundu bila kufikiri, mkono umezoea. Jina la avenyu sawa. Namba sawa. Jina la muuzaji wa uongo, sawa. Nikafika kwenye mipaka. Kaskazini, jiwe kubwa lenye ufa. Nikasimama. Kaskazini kwa Mama Furaha ni mimi, hakuna jiwe. Nikaendelea. Mashariki, miti miwili ya avoka. Kusini, njia ya kwenda bombani. Magharibi, ukuta wa kanisa dogo. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, ikaacha nukta moja nyekundu kando ya neno magharibi.

Nilimtazama. Mtu huyu alikuwa amemuuzia yule bwana parseli yake mwenyewe, ile ya Munigi, iliyo chini ya mawe. Wenzangu watatu walisaini kwa hofu, hawakusoma. Siku itakayokuja ya kufungua karatasi mbele ya shefu, kama siku hiyo ipo, mtu ataweka kidole kwenye mipaka, na karatasi itakuwa ya mahali pengine.

"Leo usinikosoe," akasema.

Nilimuuliza, na wakigundua? Akasema watagundua nini, hawajui avoka ilikuwa wapi, na yeye ni mgonjwa, hawatapata muda wa kumfanya kitu. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia wale wengine. Akasema siri ya watu wanne si siri, na sura zao zingewasaliti. Bora wamchukie kweli. Nikamuuliza kama nimwambie Mama Furaha. Alitikisa kichwa. Alijua atakavyoitwa mpaka mwisho, alishapiga hesabu yake kabla ya kuja, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa aibu ya yale niliyomwambia.

Nikasaini. Kwa kalamu ya bluu, vizuri, herufi zote.

Akaikunja, akaitia katika mfuko wake. Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. Akasema, "Leo ndio nimekuwa mupangaji kweli."

Nilimfuata mpaka mlangoni. Pale kwenye babula akasimama, akatoa ile sigara yake iliyokunjamana, kavu, ya miaka mingapi sijui, akaniomba moto. Nikamchukulia kaa kwa koleo. Safari hii aliiwasha. Alivuta mara moja, machozi yakamtoka, akaitupa, akaikanyaga. Ng'ambo ya ua yule bwana alikuwa anamwita kwa kidole.

"Mama Furaha akirudi, mipaka yake ya kweli iko wapi? Karatasi yake ilipotea alipokimbia," nilimwuliza harakaharaka.

"Mipaka yake ni wewe," akasema. "Usihame."

Akavuka ua kumpelekea yule mtu karatasi, na nilimwona yule mtu akigeuza ukurasa na kuhesabu saini kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne. Shule ya Bukavu imeniita mara mbili mwaka huu, mshahara afadhali, na dada yangu yuko huko. Madirisha ya Mama Furaha yana mapazia mapya, na mlinzi analala kwenye varanda yake. Sijahama.